Kigae cha Chiriku

Watu wakiniuliza kwa nini wifi yangu aliacha kufundisha, huwa nawajibu kuwa ni kisukari. Wanaridhika. Ugonjwa ni jibu linalomfunga mtu mdomo, na mimi watu wa maswali mengi nawachoka mapema. Lakini si kisukari kilichomtoa darasani. Kisukari kilimla vidole tu, na angeweza kuishi na vidole hivyo vilivyokufa mpaka astaafu bila mtu kujua. Kilichomtoa ni kigae kimoja cha udongo, na katika jambo hilo na mimi nimo, tena nimo mpaka shingoni.

Wifi ni mke wa kaka yangu, seremala. Tulianza vibaya, kama mawifi wengi wanavyoanza. Mimi nilimwona ana maringo, yeye aliniona nina mdomo, na kila mmoja wetu alikuwa sahihi. Lakini mume wangu aliponikimbia na kuniachia chumba kitupu, ni yeye, wala si kaka yangu wa damu, aliyekwenda kumbembeleza Mwalimu Mkuu nikapata kazi ya uhudumu kwenye shule aliyokuwa akifundisha. Nilifagia, nikagonga kengele, nikachota maji, na siku za kuchoma vyombo nikawasha tanuri. Watoto waliniita Mama Kengele. Kwa hiyo nilimjua nyumbani na nikamjua kazini, na kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Nyumbani alikuwa wa kununa kwa jambo dogo. Darasani alikuwa na raha.

Darasa lake lilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu, zamani stoo ya majembe. Kaka alimtengenezea meza sita fupi na rafu iliyozunguka kuta tatu. Pipa la udongo lilikaa pembeni likiwa limefunikwa magunia mabichi, na sakafu, hata niifagie vipi, ilibaki na vumbi jeupe. Nilimnung'unikia kila siku kuhusu sakafu ile. Yeye aliniambia nivue viatu, nifumbe macho, nitembee, nisikie inavyoteleza. Mtu ana fagio mkononi na mgongo unamuuma, anaambiwa asikie sakafu.

Lakini ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwafundisha watoto kusikia kwa vidole. Alikuwa na mfuko mweusi wa kitambaa, na ndani yake anatia kitu: dodoki, kipande cha msasa, gunzi, kitana, soli ya kiatu kikuukuu. Mtoto anaingiza mkono bila kutazama. Hakuruhusiwa kutaja jina la kitu. Ukisema ni dodoki, umeshindwa. Useme kina nini: kinakwaruza, kinateleza, kina vipele, kinanasa, kimelegea huku na huku ni kigumu. Mpaka mtoto apate maneno matatu ndipo anaruhusiwa kukitoa, na akishakitoa anakikandamiza kwenye udongo uliosukumwa bapa, alama inabaki, na wenzake wanafumba macho na kuisoma kwa vidole. Watoto wa miaka minane walibishana pale kuhusu tofauti ya kukwaruza na kuparuza mpaka nikaacha kufagia nikasikiliza.

"Wenzako wanafundisha hesabu," nikamwambia siku moja, "wewe unafundisha kupapasa."

"Ungefundishwa kupapasa mapema, wifi," akanijibu, "yule mume wako ungemrudisha siku ileile."

Vidole vilianza kufa mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia. Niligundua asubuhi moja nilipompitia nyumbani ili tuongozane kwenda kazini. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo anafunga vifungo vya blauzi, anavitazama kimoja kimoja, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Tangu lini vifungo vinahitaji kioo?" nikamtania. "Au kuna mtu wa kumpendezea huko shule?"

Hakucheka. Alinyoosha mikono yake miwili mbele yangu.

"Niume," akasema.

"Nini?"

"Kidole. Niume kwa nguvu."

Nilimuuma kidogo, kwa mzaha. Akanitazama tu, anangoja. Nikauma tena, nikauma mpaka nikaona alama za meno yangu zimekaa pale kwenye ngozi, na yeye bado anangoja.

"Umeshauma?" akauliza.

Nikakaa kitandani. Akanieleza taratibu, huku akimalizia vifungo. Hospitali walimwambia sukari imeharibu mishipa ya fahamu, na kwamba huenda hisia zisirudi tena. Kaka yangu alijua habari za sukari. Habari za vidole hakuzijua.

"Na usimwambie," akasema. "Wala yeye, wala mtu yeyote shuleni. Mwalimu wa udongo asiye na vidole ni kitu gani, wifi? Mwalimu Mkuu anakitaka kile chumba aweke kompyuta. Akisikia tu, nitahamishiwa ofisini kupanga mafaili mpaka nizeeke."

Nikamwahidi. Sikuona ubaya wake. Miaka ishirini na mbili alikuwa amefanya kazi ile, mikono ilijua njia yenyewe, na pale mikono iliposhindwa macho yalisaidia. Aliukanda udongo akiutazama, akausukuma akiutazama. Watoto walipomwekea kitu kiganjani na kumtaka afumbe macho aseme ni kitu gani, alikuwa akisema, "Leo zamu yenu, mimi nimechoka." Ungemtazama usingejua. Mimi niliyejua nilikuwa nikigeuza uso.

Sasa Chiriku. Alikuwa mtoto wa kike wa darasa la tatu, mwembamba, na jina hilo alipewa na wifi yangu kwa sababu hakuwa akifunga mdomo. Aliongea akiingia, akaongea akinawa, akaongea akiwa na udongo mdomoni. Baba yake alikuwa fundi mwashi kwenye jengo lililokuwa likipanda ng'ambo ya barabara, na Chiriku alituhadithia kila tofali.

Siku hiyo watoto waliambiwa walete kutoka nyumbani kitu chochote chenye mguso wa kipekee. Wengi walileta vitu vya kawaida: brashi, kipande cha gunia, kifuniko cha chupa. Chiriku alimleta baba yake.

Alikuja saa ya mapumziko, suruali imejaa saruji, kofia mkononi, anaona haya. Akasimama mlangoni.

"Nimeletwa," akasema.

"Mkono wake, Mwalimu," Chiriku akaeleza, akimvuta. "Mkono wake ndio kitu changu. Niliuingiza kwenye mfuko jana nyumbani nikapata maneno sita."

Darasa zima liliangua kicheko, na fundi naye akacheka, akasema hajawahi kuingia darasani akatoka bila kuchapwa. Wifi yangu alifurahi mpaka uso ukabadilika. Akasukuma udongo haraka. Mkono wa mtu mzima ni mzito, unaweza kutoboa kigae chembamba, kwa hiyo alitaka kigae kinene. Udongo aliosukuma haukutosha, akaongeza bapa la pili juu ya la kwanza, akayapigapiga yashikane. Nilikuwepo, niliona. Mtu mwenye vidole vizima angesikia kama kuna mahali pamebaki wazi katikati, mahali maji yanaweza kujificha. Yeye alitazama tu, na juu palikuwa sawasawa.

Fundi akaweka mkono wake wa kulia, Chiriku akapanda juu ya mkono huo kwa mikono yake miwili akaukandamiza kwa uzito wake wote. Kisha watoto wakapanga foleni kufumba macho na kusoma kiganja. Chiriku alisimama kando akiwasahihisha.

Siku tisa baadaye fundi alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo lile. Tukiwa darasani tulisikia kelele, hatukujua ni nani. Alizikwa kesho yake.

Chiriku aliporudi shule baada ya wiki moja, hakusema neno. Si kwamba aliongea kidogo, hakuongea kabisa. Alikuja moja kwa moja kwenye rafu, akakishusha kigae, akakaa nacho sakafuni, akaingiza vidole vyake kwenye alama za vidole vya baba yake. Alikaa hivyo kipindi chote. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena.

Udongo usiochomwa haustahimili kushikwashikwa. Siku ya nne wifi aliniita, akanionyesha vidole vya mtoto alipokuwa akinawa. Vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Kila akimshika, anamfuta."

Alikipandisha kigae rafu ya juu. Chiriku akapanda kwenye meza akakifikia. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumkataza. Mama yake alikuja siku moja akitoka kufulia watu, akasimama palepale mlangoni aliposimama mumewe, akauliza kama kitachomwa lini, maana picha waliyonayo ni ile ndogo ya kitambulisho na Chiriku haitaki. Alisema mtoto haongei nyumbani pia. Alisema usingizi anaupata tu akiahidiwa kuwa asubuhi atakwenda shule kushika kigae.

"Kitakuwa tayari," wifi yangu akamwambia. "Nakuahidi, mama."

Mimi nilikuwa nafuta madirisha. Neno lile nililisikia likitoka, nikaacha kufuta, kwa sababu kigae kinene hukauka taratibu sana, na kikiingia kwenye moto kikiwa na maji ndani, hayo maji hugeuka mvuke na kukipasua. Hilo hata mimi wa fagio nilikuwa nimeshalijua. Akisubiri, mtoto atamfuta baba yake kwa vidole. Akiharakisha, moto utampasua.

Pale darasani kulikuwa na utaratibu wa siku ya kuchoma. Kila mtoto alikichukua kigae chake, akaweka kiganja chini yake, akafumba macho. Kilicho na maji bado hutoa ubaridi fulani, hata kama juu kimeshakuwa cheupe. Mtoto akisikia ubaridi anasema "bado" na kigae kinarudi rafuni. Asiposikia anasema "tayari" na mimi nakipokea. Hakuna aliyeruhusiwa kumpimia mwenzake. Wifi yangu alikuwa mkali sana kwenye hilo, alisema mkono wako ndio shahidi wako.

Siku ile ya kuchoma Chiriku hakuwepo. Mama yake alikuwa amehama chumba wakaenda kukaa kwa bibi, na mtoto alibaki kubeba vyombo. Wenzake thelathini na nane walipita wakasema bado, tayari, tayari, bado. Mwisho kikabaki kigae cha Chiriku peke yake rafu ya juu. Wifi akakishusha. Akaweka kiganja chini yake, akafumba macho, mbele ya watoto wote, na nikaona kwenye kope zake jinsi alivyokuwa akisikiliza mahali pasipo na sauti. 

"Tayari," akasema.

Nilimfuata nje. "Wifi, una hakika?"

"Kimekuwa cheupe chote."

"Nakuuliza una hakika."

"Ukitaka kunifundisha kazi yangu, niambie nikupe chaki," akanijibu, na mimi nina mdomo mpana wa kila kitu, lakini siku hiyo nikaufunga. Ningeweza kuweka kiganja changu mwenyewe. Ningeweza kumwita mtoto yeyote kati ya wale thelathini na nane. Nilikiweka ndani ya tanuri, nikalikoka.

Kishindo kilikuja saa nne asubuhi, wakati wa kipindi kilichofuata. Si kikubwa, ni kama mtu aliyeangusha kitabu kizito chumba cha pili. Nilikuwa nimechuchumaa nikiongeza kuni. Nilipogeuka nikamwona wifi dirishani, chaki mkononi. Tulitazamana, kisha akarudi ubaoni akaendelea.

Tulifungua kesho yake alasiri, watoto wameshaondoka. Vigae vidogo viliiva vizuri, vyekundu. Cha Chiriku kilikuwa kimeachana katikati pale mabapa mawili yalipokutana, na juu kumetawanyika vipande, vingine vidogo kuliko kucha. Kimoja kilikuwa na mfereji ambao labda ulikuwa kidole. Wifi alikaa chini kwenye majivu na sketi yake ya kazini. Alivikusanya, akajaribu kuvipanga mapajani. Vilikuwa na ncha kali na vikamkata, damu ikamtoka, na alikuwa haelewi kwa nini vipande vinalowa. Nilivunjika moyo pale kuliko nilivyowahi kuvunjika, na mimi nimeachwa na mume.

"Viweke mahali," hatimaye akaniambia. "Viweke vizuri."

Jumatatu Chiriku alirudi. Akaenda kwenye rafu ya juu, akaona patupu, akageuka. Hakuuliza. Alimtazama tu mwalimu wake, na wifi yangu, ambaye usiku kucha alikuwa amejiandaa kusema ukweli, maana kaka aliniambia baadaye kwamba alimsikia akijisemea bafuni maneno ambayo wakati huo hakuyaelewa, akafungua mdomo ukatoka uongo.

"Chako kinene," akasema. "Kinasubiri tanuri lijalo."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Akaenda kukaa mahali pake, akangoja.

Uongo ule ulikuwa wa kununua siku moja tu, lakini ukishasema kigae kipo, lazima kigae kiwepo. Jumanne wifi hakula. Jumatano alinifuata nilipokuwa nikianika madekio, akanitajia wazo lake kwa sauti ya chini mpaka nikamwambia arudie. Nilidhani nimesikia vibaya. Hapana, nilikuwa nimesikia vizuri.

Ningemkatalia. Ni mara ya pili nawaambia ningefanya jambo ambalo sikulifanya, na si ya mwisho. Nilichofanya ni kumuuliza kama mkono wa kaka yangu unalingana na ule wa fundi.

Jumapili mchana tulikaa kwenye karakana ya kaka, nyuma ya nyumba yao, katikati ya maranda. Wifi alisukuma udongo, safari hii bapa moja, jembamba, mimi ndiye niliyelipapasa chini na juu. Kaka alinawa mikono. Ilibidi aambiwe yote, ya vidole na ya tanuri, na alisikiliza huku akijikausha kwa shati, hamtazami mkewe.

"Mwaka mzima," akasema. "Nalala pembeni yako mwaka mzima."

"Naomba mkono wako, mume wangu."

"Mnataka niwe marehemu."

"Ni kwa ajili ya mtoto," nikasema mimi.

"Wewe nyamaza, mdogo wangu. Kila jambo la ovyo kwenye ukoo huu nakukuta umeshikilia taa." Lakini alimtazama mkewe aliyekuwa amesimama pale na bapa lake, ameisha, mashavu yameingia ndani, na akauweka mkono. Aliukandamiza, akautoa, akaenda kukaa mbali. Siku hiyo hakurudi kwenye kazi yake.

Mimi na wifi tuliinama tukamtengeneza fundi. Tulikumbuka ufa uliokuwa kwenye kidole gumba, tukauchora kwa pini. Tulikumbuka kovu kwenye kiganja, tukalichora. Saruji humkausha mtu ngozi, kwa hiyo tulichukua msasa tukakwaruza katikati. Kila kilichoonekana kwa macho tulikifanya, na tulipomaliza, wifi alisema amefanana. Nilimwambia ndiyo. Tulipanga hata maneno ya kusema, kwamba moto hubana udongo, mkono husinyaa kidogo, hiyo ni kawaida. Kisha nikakichukua kigae nikakianika, na siku kumi baadaye nikakipima mwenyewe kwa kiganja changu, nikakichoma. Kilitoka kizima, hakina hata ufa.

Alhamisi, baada ya kipindi, watoto wengine wakaondoka. Chiriku alibaki na mfuko wa mama yake wa kubebea kigae. Wifi alimpa kigae kimefungwa kwa gazeti. Mimi nilisimama mlangoni na fagio langu ingawa sakafu nilikuwa nimeshaifagia.

Aliufungua mzigo mezani. Alifuta viganja kwenye sketi, kama alivyofundishwa, akafumba macho. Alianza chini, kwenye kifundo cha mkono, akapanda taratibu. Akapita kiganjani. Kwenye ufa wa kidole gumba akakaa kidogo, na nikaona wifi anashusha pumzi. Akapanda tena kwenye vidole, kimoja kimoja, akafika nchani. Akasimama. Akarudi, akaanza kidole kingine, akafika nchani, akasimama. Alivimaliza vyote vitano hivyo. Kisha akafumbua macho.

"Mwalimu," akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tunaisikia sauti yake tangu msiba, "huyu ni nani?"

"Moto, mwanangu," wifi yangu akaanza, "moto ukishapita kwenye udongo..." 

"Baba huku nchani hakuwa na mistari," Chiriku akasema. Alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Matofali yalimla mistari yote. Akinikuna mgongo nilikuwa nasikia katikati kunakwaruza, nchani laini. Huyu ana mistari."

Nilimtazama wifi. Nilijua anaweza bado kumtuliza mtoto yule kwa uongo, kwa sababu yeye ni mwalimu na yule ni mtoto wa miaka minane. Sijui kama nilitaka afanye hivyo. Nafikiri nilitaka.

"Ni mume wangu," akasema.

"Na baba?"

"Alipasuka ndani ya tanuri. Kigae hakikuwa kimekauka. Wewe hukuwepo, nikakupimia mimi, nikasema tayari, na nilikuwa sisikii kitu. Vidole vyangu vimekufa, Chiriku. Tangu mwaka jana havisikii. Nikaogopa kusema."

Mtoto aliitazama mikono ya mwalimu wake iliyokuwa juu ya meza. Hakulia. Alifikiri, na tulimwona akifikiri.

"Wenzangu si walikuwepo?" akasema. "Ungesema tu, Mwalimu. Wangekugusia."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira tungejua pa kushika, tungeomba radhi, tungelia pamoja naye. Alisema kama jambo dogo ambalo mtu yeyote angelifikiria, na wifi yangu akaweka paji la uso wake juu ya meza na hakuliinua tena. Barua ya kuacha kazi aliiandika kesho yake asubuhi. Lakini mimi huwa naona aliacha pale pale, kichwa kikiwa mezani.

"Vipande viko wapi?" Chiriku akauliza.

"Anavyo Mama Kengele," wifi akajibu bila kuinua kichwa. "Nilimwambia aviweke. Mpe, wifi."

Hapo ndipo ninapoingia mpaka shingoni. Siku ile tulipofungua tanuri, nilisubiri ageuke, nikavizoa kwenye ndoo pamoja na majivu nikaenda kuvitupa. Nilidhani namwokoa. Nilidhani kisichoonekana hakitaulizwa. Ningekuwa na akili ningebakiza hata kile chenye mfereji.

"Nilivitupa," nikasema.

Wifi aliinua kichwa sasa. Sitaki kueleza alivyonitazama. Chiriku alikuwa ameshakunja mfuko wa mama yake na kuutia kwapani, kigae cha kaka yangu amekiacha mezani.

"Jalala lipi?" akaniuliza.

Nikamwambia gari la taka limepita mara mbili tangu siku ile, na kwamba pale sasa hakuna kitu. Akasubiri, kana kwamba sijajibu. Kisha akauliza tena, kwa sauti ileile, jalala lipi. Nikaegemeza fagio ukutani, nikampeleka.